Sokwe wa Lubumbashi na ofisi inayokataa kulipa

Ilikuwa karibu saa tisa usiku wa kuamkia Ijumaa, Septemba 9, 2022. Watu wasiojulikana waliingia katika kituo cha kulelea sokwe cha JACK mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, na kuondoka na sokwe watatu wachanga. Majina yao ni Monga, Hussein na Cesar. Kituo kilikuwa na wachanga watano. Kulipopambazuka, walibaki wawili.

Baadaye simu ya Roxane Chantereau, aliyekianzisha kituo hicho pamoja na mumewe Franck, ilipokea ujumbe na video ikionyesha wanyama hao wakiwa mikononi mwa watekaji. Watekaji walitaka fedha nyingi. Franck Chantereau alivieleza vyombo vya habari kwamba watu hao walidai mpango wao wa kwanza ulikuwa kuwateka watoto wake, waliotarajiwa kufika Lubumbashi kwa likizo. Walipoona watoto hawakuja, wakachukua sokwe. Walitishia kuwaua wasipolipwa.

Jibu la kituo lilikuwa hapana. Chantereau alieleza kwamba fedha hizo hawana, na hata wangekuwa nazo, kulipa kungewapa watekaji sababu ya kurudi baada ya miezi miwili. Tena hakukuwa na uhakika kwamba wanyama wangerudishwa. Serikali ya Kinshasa ilishika msimamo huohuo. Michel Koyakpa, mshauri wa habari wa waziri wa mazingira wakati huo, alisema serikali haitakubali matakwa ya watekaji.

Watu wengi waliosikia habari hiyo waliuliza swali moja: kama wanawapenda wanyama hao, kwa nini wasilipe?

Jibu lake halipatikani kwenye vizimba wala kwenye chumba cha daktari wa mifugo. Liko ofisini, kwenye meza yenye daftari la hesabu, mhuri na faili za wanyama. Huko ndiko wanakofanya kazi watu ambao mgeni anayekuja Jumapili na watoto wake huwaona kwa nadra: karani, mhasibu, mtunza bohari, msimamizi wa wafanyakazi na mkurugenzi. Kazi yao haipigwi picha, lakini kwa sehemu kubwa ndiyo inayoamua kama sokwe ataishi au atakufa.

Mgeni wa getini

Kanuni ya kutolipa ilikuwapo kabla ya utekaji wa mwaka 2022. Vituo vya kulelea sokwe barani Afrika vimeijua kwa miaka mingi, na kwa kawaida hujaribiwa na mgeni anayefika getini na kikapu.

Ndani ya kikapu kuna mtoto wa sokwe. Ana kiu, anaharisha, na kiunoni ana kidonda cha kamba. Aliyemleta anasema alimwokota, au alimnunua kwa huruma, na sasa anaomba arudishiwe gharama zake, angalau nauli. Fedha anayoitaka si nyingi. Iko ndani ya droo ya mhasibu. Na mnyama asipopata maji na dawa leo, huenda asiione kesho.

Mhasibu anayejua kazi yake hatoi hata faranga moja. Anapiga simu kwa mamlaka, kwa sababu nchini Kongo mnyama wa aina hiyo huchukuliwa kwa mujibu wa sheria, chini ya mamlaka ya wizara ya mazingira na taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN. Sheria namba 14/003 ya Februari 11, 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inawalinda wanyama hao, na kumweka sokwe nyumbani bila kibali ni kosa.

Sababu ya ukali huo ni hesabu ya msituni. Mama sokwe huzaa mara moja kwa kila miaka mitano hivi, na mtoto hunyonya hadi afikishe miaka minne au mitano. Mama hamwachi mwanawe achukuliwe. Mwindaji anayetaka mtoto lazima kwanza amuue mama, na mara nyingi huua na wengine wa kundi wanaokuja kumtetea. Mtoto mmoja ndani ya kikapu ana maana ya maiti kadhaa zilizobaki porini au zilizouzwa kama nyama.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 kuhusu biashara hiyo ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 sokwe, bonobo, sokwe milima na orangutani wasiopungua 22,218 walipotea porini kutokana na biashara haramu. Karibu theluthi mbili yao walikuwa sokwe.

Kwa hiyo nauli iliyolipwa getini hugeuka bei. Wiki ijayo mtu mwingine atasikia kijijini kwamba pale Lubumbashi kuna wanunuzi. Ndiyo maana ujumbe wa watekaji wa Septemba 2022, pamoja na ukatili wake wote, uliangukia mahali ambapo swali hilo lilikuwa na jibu tayari.

Mji wa shaba, njia ya wanyama

Lubumbashi si nchi ya sokwe. Mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville na kubadilishwa jina mwaka 1966, umezungukwa na miti ya miombo na machimbo ya shaba. Msitu wanakoishi sokwe uko mbali kaskazini. Kila sokwe anayeonekana mjini ameletwa.

Ameletwa kwa sababu ya barabara. Karibu kilomita 90 kusini kuna Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, ambako malori ya shaba na kobalti hupanga foleni ndefu yakielekea bandari za kusini na mashariki mwa Afrika. Njia inayopitisha madini hupitisha pia mizigo isiyoandikwa kwenye karatasi. Septemba 2020 maofisa wa Zimbabwe walikamata tumbili zaidi ya ishirini waliotoroshwa kutoka Kongo. Baadaye tumbili hao walirudishwa nchini na kupokelewa na JACK.

Bustani ya wanyama ya Lubumbashi, ambayo wakazi huiita tu zoo, ilikuwapo tangu enzi za ukoloni. Kama taasisi nyingine za umma mjini, ilidhoofika katika misukosuko ya miaka ya 1990, pale mishahara ilipokauka na watu wenyewe walipokosa bukari mezani. Ndani ya eneo la bustani hiyo ndimo JACK ilipoanzia mwaka 2006. Jina lake ni kifupisho cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya wanyama wachanga waliokamatwa Katanga.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Mwaka huohuo wa 2006, kwa maelezo ya Chantereau, nyumba waliyolala wachanga ilichomwa moto. Wawili kati ya watano wa kwanza walikufa. Mwaka 2013 moto mwingine uliwashwa kwenye jengo la elimu. Ilipofika mwaka 2022, kituo kilikuwa kinalea sokwe wapatao 40 na tumbili zaidi ya 60.

Zipo tofauti kati ya bustani ya wanyama na kituo cha kulelea. Bustani ya zamani ilijengwa ili watu waone wanyama. Kituo cha kulelea kipo ili mnyama aliyenyang'anywa wawindaji apate pa kuishi, na kwa kawaida hakizalishi sokwe wengine, kwa sababu kila nafasi inahitajika kwa ajili ya wanaokamatwa. Lakini wazazi wa Lubumbashi wanaowaleta watoto wao kutazama wanyama hawahitaji kuijua tofauti hiyo. Ofisi ndiyo inayopaswa kuijua, maana kwake bajeti, vibali na ahadi kwa wafadhili ni vitu tofauti.

Kila mnyama na faili lake

Sokwe anapopokelewa, kabla ya jina, hupewa namba. Karani huandika tarehe, mahali alipokamatwa, nani alimkamata, hati ya ukamataji imesainiwa na ofisa gani, uzito wake, meno aliyoota na vidonda alivyokuja navyo. Umri hukadiriwa kwa meno, kwa sababu hakuna anayejua siku aliyozaliwa.

Kisha huja karantini, ambayo kwa sokwe huchukua takriban miezi mitatu. Anapimwa kifua kikuu, homa ya ini na minyoo. Kila kipimo kina karatasi yake. Mabustani makubwa duniani huingiza kumbukumbu hizo katika mfumo wa kompyuta ulioanza miaka ya 1970, ambao leo unatumiwa na taasisi zaidi ya 1,000. Vituo vingine huanza na daftari la mistari na kalamu ya wino. Kinachohitajika ni mamoja: kila kitu kiandikwe siku kilipotokea.

Uzito wa faili hilo huonekana mahakamani. Mshukiwa akidai kwamba mnyama hakuwa wake, au kwamba alimpata miaka mingi iliyopita, hati ya siku ya kwanza ndiyo inayomjibu. Ikiwa tarehe zimefutwafutwa, au sahihi haisomeki, kesi hudhoofika, na muuzaji hurudi barabarani.

Faili huonekana pia pale mnyama anapoibwa. Picha za uso, alama za masikio, kovu la mkono wa kushoto: hayo ndiyo yanayoweza kumtambulisha sokwe mmoja kati ya wengi akionekana mpakani au kwenye picha za mtandaoni, miezi au miaka baadaye.

Likizo ya ugonjwa

Ukimuuliza mtu wa kawaida ni nini kinachoweza kuua sokwe aliye kituoni, atasema nyoka, njaa au risasi. Msimamizi wa wafanyakazi atataja mafua.

Sokwe na binadamu ni ndugu wa karibu kiasi kwamba magonjwa yetu mengi huwapata, na yanayotulaza siku mbili huweza kuwaua wao. Mwaka 2013 katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, ugonjwa wa kifua uliingia katika kundi la sokwe 56. Watano walikufa. Wanasayansi waliochunguza mzoga wa mmoja wao, mtoto wa miaka miwili, walikuta kirusi cha mafua kinachojulikana kwa binadamu.

Hao walikuwa porini. Kituoni, mlezi hubeba mtoto wa sokwe kifuani, humnywesha maziwa kwa chupa na hulala naye karibu. Akija kazini na kikohozi, amebeba hatari.

Hapo ndipo kanuni za ajira zinapogeuka kuwa uhifadhi. Mlezi anayekatwa mshahara kwa kila siku anayokosa kazini atakuja hata akiwa na homa. Ataficha kikohozi, kwa sababu nyumbani kuna watoto wanaotakiwa kulipiwa shule. Mlezi mwenye likizo ya ugonjwa inayolipwa atapiga simu asubuhi na kusema leo siji. Karani aliyeandika kifungu hicho kwenye mkataba pengine hajawahi kumshika sokwe maishani mwake, na bado ameokoa kadhaa.

Ni vivyo hivyo kwa chanjo, vipimo vya kifua kikuu vya kila mwaka na barakoa. Vyote ni mistari ya bajeti. Fedha zikipungua, mistari hiyo ndiyo ya kwanza kutamaniwa kufutwa, kwa kuwa hakuna mgeni atakayegundua.

Bohari na mshahara

Sokwe mkubwa hula kilo kadhaa za matunda na mboga kila siku. Anahitaji mchanganyiko: ndizi, papai, viazi vitamu, miwa, njugu, majani, na uji kwa wachanga. Kwa kundi la sokwe 40 ni manunuzi ya kila siku, mwaka mzima, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Jimbo la Haut-Katanga hutegemea kwa kiasi kikubwa mahindi kutoka Zambia. Mavuno yakiwa mabaya upande wa pili, kama ilivyokuwa katika ukame wa mwaka 2024, bei ya unga hupanda katika masoko ya Lubumbashi, na bei ya vyakula vingine hufuata. Mtunza bohari anayenunua kwa siku moja moja hujikuta akishindana na akina mama wa Katuba na Kenya, komini zenye watu wengi, kwa chakula kilekile. Anayefunga mkataba na wakulima mapema, na kulipa siku aliyoahidi, hulisha wanyama wake bila kugombana na mtu sokoni.

Hapa kuna jambo ambalo mwenye kazi hiyo hawezi kulikwepa. Katika mji ambao familia nyingi hula mara moja kwa siku, gari la ndizi linaloingia kwa sokwe huzua maneno. Wako wanaouliza kwa nini mnyama ale matunda na mtoto wa jirani asile. Swali hilo ni halali, na kituo kinacholidharau hujitafutia uadui. Vituo vinavyodumu hulijibu kwa vitendo: huajiri watu wa maeneo ya jirani, hununua kwa wakulima wa karibu, hufungulia milango shule, na hesabu zao huwekwa wazi.

Halafu kuna mshahara. Lubumbashi haihitaji kufundishwa maana ya mshahara usiofika. Wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini iliyoujenga mji huu na hospitali na shule zake, walikaa muda mrefu bila kulipwa kampuni ilipoporomoka, na mwaka 2003 zaidi ya 10,000 kati yao walianza kuondolewa kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Familia nyingi hazijasahau.

Katika bustani ya wanyama, walinzi wa usiku na walezi ndio wenye funguo. Wanajua zamu zinabadilishwa saa ngapi, taa ipi imekufa, mlango upi haufungi vizuri. Mtu wa namna hiyo akikaa miezi mitatu bila mshahara, atatokea wa kumwonea huruma kwa bahasha. Ukuta mrefu hausaidii sana pale. Kinachosaidia ni mhasibu anayehakikisha kwamba mlinzi amelipwa tarehe ileile kila mwezi, hata kama mfadhili amechelewesha fedha zake.

Sahihi yenye bei

Kalamu ileile inayolinda inaweza kuuza. Mfano unaotajwa mara nyingi umetoka Guinea, Afrika Magharibi.

Kongo na Guinea zote ni wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kongo ilijiunga mwaka 1976. Kwa mujibu wa mkataba huo, sokwe wa porini hawauzwi kibiashara. Lakini mnyama aliyezaliwa kizuizini huweza kuandikiwa kibali chenye alama tofauti.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 2000, sokwe zaidi ya 100 walisafirishwa kutoka Guinea kwenda China wakiwa na vibali vilivyosema walizaliwa kizuizini. Tatizo ni kwamba Guinea haikuwa na kituo chochote cha kuzalisha sokwe. Mwaka 2013 CITES ilisimamisha biashara na nchi hiyo, na mwaka 2015 ofisa aliyewahi kuongoza ofisi ya vibali huko alikamatwa, baadaye akahukumiwa.

Ofisa kama huyo hahitaji kuwa na bunduki, wala kuingia msituni, wala kuvunja mlango usiku. Karatasi yenye mhuri halali inatosha kuwapitisha sokwe uwanja wa ndege mchana kweupe.

Upande wa pili wa jambo hilo hauandikwi magazetini: karani anayeletewa fomu iliyojazwa tayari, pamoja na ujumbe kwamba mkubwa fulani anasubiri, na anayeirudisha bila kusaini. Kwake hakuna kesi wala picha. Kuna fomu moja tupu na sokwe kadhaa wasiopanda ndege.

Ngazi ya kazi hii

Je, mtu huingiaje katika kazi ya namna hii? Njia ni nyingi, na ukanda huu una mifano.

Kinshasa, baada ya uporaji wa mwaka 1991 kuuacha mji hoi, Claudine André alianza kujitolea katika bustani ya wanyama ya jiji, ambako wanyama walikuwa wanakufa njaa. Mwaka 1993 alikutana huko na bonobo mchanga aliyeitwa Mikeno. Kutoka hapo ilizaliwa Lola ya Bonobo, kituo cha kulelea bonobo nje ya Kinshasa, ambacho mwaka 2009 kilianza kuwarudisha baadhi yao msituni katika Équateur. Ilianza kwa huruma, lakini ili bonobo warudi porini zilihitajika ruhusa za serikali, makubaliano na vijiji vinavyomiliki msitu na fedha za miaka mingi. Bila ofisi, huruma ile ingeishia kwenye chupa ya maziwa.

Upande wa pili wa mpaka, karibu na Chingola nchini Zambia, David na Sheila Siddle walikuwa wafugaji wa ng'ombe. Mwaka 1983 waliletewa sokwe mchanga aliyejeruhiwa, aliyekamatwa kutoka kwa wawindaji haramu wa Zaire. Walimpa jina la Pal. Shamba lao likageuka Chimfunshi, ambayo baadaye ililea sokwe zaidi ya 100, wengi wakiwa na asili ya Kongo.

Uganda ilifuata njia ya serikali. Kituo cha Entebbe kilianza mwaka 1952 kama makazi ya wanyama yatima, kikawa bustani ya wanyama, na mwaka 1994 kikakabidhiwa bodi ya wadhamini kwa lengo la elimu ya uhifadhi. Sheria ya mwaka 2015 ilikifanya taasisi kamili ya umma, yenye bodi, ukaguzi wa hesabu na ngazi za vyeo. Mkurugenzi wake wa miaka mingi, James Musinguzi, aliteuliwa mwaka 2025 kuongoza Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, inayosimamia hifadhi zote za taifa nchini humo. Kwa kijana anayeanza kazi akikata tiketi getini, huo ni ushahidi kwamba ngazi ipo na inafika mbali.

Lubumbashi ina malighafi ya ngazi kama hiyo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, pamoja na vitivo vya sheria na uchumi. Mara nyingi mhitimu wa uchumi mjini humu huota kampuni za madini, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Lakini bustani ya wanyama inahitaji watu haohao: anayejua kusoma mkataba, anayeweza kuandika ripoti kwa mfadhili na kueleza kila faranga ilikokwenda, anayeifahamu sheria ya 2014 vya kutosha kumjibu wakili, na anayeweza kuzungumza na mlezi kwa Kiswahili, na ofisa wa wizara kwa Kifaransa, na mfadhili kwa Kiingereza, asubuhi moja.

Anahitaji pia jambo ambalo halifundishwi darasani. Ni kuweza kusema hapana huku akimtazama mnyama machoni.

Miaka hamsini

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo nchi pekee duniani yenye sokwe, bonobo na sokwe milima kwa pamoja. Wote wako hatarini, na kila kituo kinachowalea kinafahamu kwamba kinahudumia sehemu ndogo tu ya hasara iliyotokea.

Sokwe anayetunzwa vizuri huweza kuishi miaka 50 au zaidi. Karani wa miaka 25 anayempokea leo mtoto wa sokwe wa mwaka mmoja, akimfungulia faili na kumpa namba, atastaafu kabla mnyama huyo hajafa. Faili litapita kwa mrithi wake, na pengine kwa mrithi wa mrithi. Ndiyo maana mkurugenzi makini haulizi tu kama fedha za mwezi huu zinatosha. Huuliza ni nani atakayemlisha mnyama huyu mwaka 2060.

Wiki kadhaa baada ya usiku ule wa Septemba 2022, Monga, Hussein na Cesar walikuwa bado hawajapatikana. Fidia haikulipwa.

Katika utunzaji wa kumbukumbu za wanyama, mnyama aliyeibwa haandikwi kuwa amekufa. Huandikwa kuwa ameibwa, kwa tarehe, na picha zake za uso na alama zake hubaki ndani ya faili. Siku akionekana, Kasumbalesa au ng'ambo ya bahari, mtu atahitaji kufungua kabati, kuitoa karatasi na kusema bila shaka yoyote: huyu ni wetu.